Nilivyoingia kwa The Clash kupitia mlango wa rege

Jina la bendi ya The Clash nililipata kwa Bob Marley. Sisi tuliokulia Arusha kwenye kaseti za rege tumeusikia wimbo wa "Punky Reggae Party" tangu utotoni, na wengi hatukuwahi kuuliza yale majina anayoyataja Bob ni ya akina nani. Ulitoka mwaka 1977, na kule Uingereza uliwekwa upande wa pili wa santuri ya "Jamming". Bob anatangaza sherehe na kutaja watakaokuwepo: Wailers, Maytals, halafu The Damned, The Jam na The Clash. Mjomba wangu, ambaye kaseti zake ndizo zilizonifundisha kusikiliza, alikuwa akisema hizo zote ni bendi za Kingston. Kumbe mwaka ule Bob alikuwa anaishi London, baada ya kupigwa risasi nyumbani kwake Jamaika Desemba 1976, na hao watatu wa mwisho walikuwa vijana wa panki, roki ya haraka na ya hasira, wa hukohuko Uingereza.

Nilipokuja kulijua hilo nilikuwa mtu mzima, fundi cherehani mwenye simu na bando. Nikasema ngoja niwasikilize hao ambao Bob aliwakaribisha kwenye sherehe yake. Haikuwa rahisi. Ilinigharimu muda, pesa kidogo, na ugomvi mdogo nyumbani, mpaka muziki wao ukaniingia. Sasa nawaona wapenzi wenzangu wa rege wakijaribu bendi hii na kuitupa kabla ya wimbo wa tatu, na sababu naijua vizuri kwa kuwa nami nilianzia hapohapo walipoanzia wao.

Ukiuliza uanze wapi, karibu kila mtu atakuelekeza kwenye albamu ya kwanza, inayoitwa The Clash, iliyotoka Aprili 1977. Ndiyo iliyowapa jina, na kwa mtu aliyelelewa kwenye roki huenda ushauri huo unafaa. Kwangu ilikuwa vurugu tupu. Magitaa mawili yanakwaruza kwa pamoja, ngoma zinakimbia, wimbo unaisha kabla hujajua umeanzia wapi. Joe Strummer anaimba kama mtu aliyekasirishwa sasa hivi na hana muda wa kutamka maneno mpaka mwisho. Waliirekodi haraka mwezi Februari mwaka uleule, fundi mitambo wao wa jukwaani, Mickey Foote, akiwa ndiye prodyuza, na ukavu wake unasikika. Nami nilikuwa naisikiliza kwa spika ya simu, cherehani ikinguruma chini ya mikono yangu. Besi haikufika kabisa. Kilichofika ni kelele na hasira ya watu nisiowajua.

Kisha nikakutana na "White Riot". Mtu mweusi akisoma jina hilo kwenye kioo cha simu, bila maelezo yoyote, atadhani ni wimbo wa wabaguzi. Nilizima, na kwa muda mrefu sikutaka hata kuisikia bendi ikitajwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Agosti 1976, kwenye kanivali ya Notting Hill, sikukuu kubwa ya watu wenye asili ya Karibi jijini London, polisi walijazana kwa maelfu. Walipoanza kukamata watu, vijana weusi wakawajibu kwa mawe na matofali. Strummer na Paul Simonon, mpiga besi, walikuwa mtaani siku hiyo. Wimbo ulitokana na walichokiona, na unawasemesha vijana wazungu: wenzenu weusi wanakataa kuonewa, nyinyi mmefundishwa shuleni kutii tu, mtaamka lini? Ndivyo ulivyo. Lakini hata wakati ule wapo waliouelewa vibaya, na Mick Jones, mpiga gitaa la solo, alifika mahali akawa hataki kuupiga jukwaani.

Kilichonitoa wasiwasi kabisa ni kujua kuhusu Aprili 30, 1978. Siku hiyo watu kwa maelfu walitembea kutoka Trafalgar Square mpaka bustani ya Victoria Park, mashariki mwa London, kupinga chama cha kibaguzi cha National Front, ambacho wakati huo kilikuwa na nguvu mitaani. Maandalizi yalikuwa ya harakati iliyoitwa Rock Against Racism. The Clash walipiga pale, na kwenye jukwaa hilohilo walikuwepo Steel Pulse, wale wale wa Birmingham ambao kila kijiwe cha rasta hapa Arusha kinawaheshimu. Basi nikasema, hawa si wabaya wangu. Tangu hapo sihukumu wimbo wa panki kwa jina lake. Natafuta kwanza mwaka ule kulitokea nini.

Hata hivyo kujua historia hakukufanyi uupende muziki. Kilichofanya kazi hiyo ni sabufa.

Kinyozi wangu yuko Ngarenaro. Ana redio ya gari aliyoiunganisha na betri, na sabufa ya boksi la mbao lililotengenezwa na seremala jirani. Mteja akitaka wimbo wake, anapewa waya anachomeka simu. Dada yangu anayeishi Reading, Uingereza, alikuwa amenitumia jina la wimbo mmoja, "The Guns of Brixton", akisema huu nijaribu kabla sijakata tamaa. Nikauweka pale, shuka likiwa shingoni. Besi ikaingia, nzito, ya taratibu, ikipanda na kushuka kwa hatua zilezile, na kopo la poda likaanza kutembea lenyewe juu ya meza mpaka likagota kwenye kioo. Kinyozi akazima mashine.

"Mdogo wangu, hii rege ya nani?"

"Ya Wazungu, kaka. Wa London."

"Acha uongo wako."

Akanyoosha mkono, akaurudisha mwanzo mwenyewe. Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakasogea. Tukausikiliza tena mpaka mwisho, kichwa changu kikiwa kimenyolewa nusu.

Siku hiyo nilielewa kwamba besi ndiyo niliyokuwa nimeikosa. Anayeupiga na kuuimba wimbo huo ni Simonon mwenyewe, mtu aliyekulia London kusini, Brixton ikiwemo, kati ya majirani wa Kijamaika na muziki wao. Alipoingia kwenye bendi mwaka 1976 hakuwa anajua kupiga chombo chochote. Aliandika majina ya noti kwa rangi kwenye shingo ya gitaa lake la besi, akajifunza kwa kufuatisha santuri. Baadaye aliona kwamba kwenye bendi anayelipwa vizuri ni mtunzi, naye akaamua kutunga. Wimbo ulitoka Desemba 1979, ukizungumzia polisi wanaovunja mlango wa mtu Brixton. Machafuko makubwa ya Brixton yalitokea Aprili 1981.

Na hata mashabiki wenyewe wa panki walikuwa wanalishwa rege. Kwenye klabu ya Roxy, ambako bendi hizi zilikuwa zikipiga, aliyepiga santuri alikuwa Don Letts, kijana wa London ambaye wazazi wake walitoka Jamaika. Santuri za panki zilikuwa bado chache, basi yeye alijaza usiku mzima kwa rege na dabu, yaani rege iliyopunguzwa maneno na kujazwa mwangwi. Kwa hiyo ukiwa umelelewa na Burning Spear na Culture, wewe na mashabiki wa kwanza wa The Clash mmekula sahani moja.

Ushauri wangu wa kwanza basi ni wa vifaa. Spika ya simu iache. Nilinunua hedifoni kule Soko Kuu kwa bei ya kushona gauni moja la kitenge, na sijutii hata shilingi. Kama una jirani mwenye sabufa, hiyo ni bora zaidi.

Ushauri wa pili: anza na London Calling, ya Desemba 1979. Hapo ndipo wimbo wa Simonon ulipo. Ni santuri mbili, pande nne, nyimbo 19, na waliiuza kwa bei ya santuri moja kwa sababu hawakutaka mashabiki wao, ambao wengi hawakuwa na kitu, walipe mara mbili. Usiisikilize yote kwa mkupuo. Nilichukua upande mmoja, nikakaa nao kazini siku kadhaa mpaka nikawa najua wimbo gani unafuata, ndipo nikaenda upande wa pili. Wao wenyewe waliitunga kwenye chumba cha mazoezi nyuma ya gereji mtaa wa Pimlico, wakivunja mchana kwa mechi ya mpira kwenye uwanja wa watoto ng'ambo ya barabara. Ukisikiliza utausikia ule uzoefu wa watu wanaokutana kila siku: ngoma na besi zinaelewana bila kutazamana. Mpiga ngoma ni Topper Headon, aliyekuja baada ya albamu ya kwanza, na kwangu yeye ndiye aliyeifanya bendi iweze kupiga chochote ilichotaka. Rege, ska, rokabili, jazi kidogo, vyote vimo.

Kwa sikio la mtu wa rege, pitia kwanza "Rudie Can't Fail", kisha "Wrong 'Em Boyo", ambao asili yake ni wa kundi la Jamaika liitwalo The Rulers, kisha "Revolution Rock", nao pia wa asili ya Kijamaika. Hizo zikikukaa, wimbo wenyewe wa "London Calling" hautakutisha tena. Pale mwishoni kuna "Train in Vain", ambao hutauona kwenye orodha ya jalada la santuri za mwanzo; uliongezwa wakati majalada yameshachapwa. Picha ya jalada ni ya Simonon akivunja besi yake jukwaani New York, Septemba 1979, iliyopigwa na Pennie Smith. Mpiga picha hakutaka itumike kwa sababu imetoka na ukungu. Mimi naipenda kwa sababu hiyohiyo.

Kutoka hapo nikarudi nyuma. Albamu ile ya kwanza iliyonishinda ina wimbo mmoja mrefu kuliko mingine, dakika sita hivi, katikati ya nyimbo za dakika mbili mbili: "Police and Thieves". Wimbo huu mjomba alikuwa nao, ule wa asili wa Junior Murvin, wa 1976, uliotengenezwa na Lee "Scratch" Perry. Sauti ya Murvin ni laini na ya juu, inapaa. Strummer hawezi kupaa, naye hajaribu. Anauburuza chini kwa sauti yake ya kukwaruza, magitaa yanajibizana, moja linakata na jingine linaitikia. Niliziweka mbili hizo zikifuatana jioni nzima: Murvin, Clash, Murvin, Clash. Mke wangu akauliza kama simu imeharibika. Lakini baada ya jioni hiyo nilianza kusikia kwamba hata zile nyimbo za haraka zina nafasi ndani yake, kuna mahali gitaa linanyamaza ili besi ipite, jambo walilolipata kwa Wajamaika. Lee Perry naye hakukaa mbali. Baadaye mwaka uleule wa 1977 alikaa nao studio kwa wimbo wao wa "Complete Control".

"Career Opportunities" ndio uliofuata kunikamata, na huu hauna rege hata chembe. Unahusu kijana asiye na kazi anayetajiwa kazi za hovyo moja baada ya nyingine, na anazikataa. Nimetembea na bahasha ya kaki mjini hapa, ofisi hii mpaka ile, kabla sijakaa kwenye cherehani. Wimbo una dakika mbili tu, na hasira yake niliielewa yote.

Angalizo la manunuzi kwa anayetaka nakala ya mkononi. Dada alinitumia sidii ya albamu hiyo ya kwanza, nami nikamlipa muuzaji wa mitumba ya elektroniki kwa deki ya kuichezea. Nikashangaa: nyimbo hazikulingana na nilizozizoea kwenye simu. Nne hazikuwepo, na kulikuwa na nyingine ngeni. Nikadhani dada kauziwa feki. Kumbe ziko mbili. Ile ya Uingereza ya 1977 ina nyimbo 14. Ya Marekani ilitoka 1979, ikatolewa nyimbo nne na kuongezwa tano zilizokuwa zimetoka kwenye santuri ndogo, kwa hiyo zikawa 15. Zote ni halali. Kwa anayeanza namwambia achukue ile ya Marekani, ingawa najua wapo watakaonikasirikia, kwa sababu ndani yake kuna "White Man in Hammersmith Palais".

Huo, kwa maoni yangu, ndio wimbo wao mkubwa kuliko yote. Ni singo ya 1978. Strummer alikwenda kwenye onyesho la usiku kucha la wasanii wa Jamaika, Dillinger, Leroy Smart na Delroy Wilson, akitegemea muziki wa mapambano, akakuta onyesho la burudani la mavazi na hatua za jukwaani. Angeweza kulalamika tu akaishia hapo. Badala yake anajigeukia: mimi mzungu nimekuja hapa kutafuta uasi wa watu wengine, kwa nini? Kisha anawageukia panki wenzake wanaogombania umaarufu, na ubaguzi unaopanda nchini mwake. Yote hayo juu ya mdundo wa rege wenye kinanda cha mdomo. Ukiona wimbo wa panki wenye unyenyekevu kiasi hicho, niambie.

Hapa nizungumzie lugha, maana Kiingereza cha Strummer ni mtihani. Nimesoma mpaka kidato cha nne na nilikuwa napata neno moja kati ya matano. Nilichofanya ni kuacha kujaribu kukamata maneno wakati wimbo unapigwa. Nilikuwa nasoma mashairi asubuhi, nikinywa chai, wimbo mmoja tu. Nikiona jina la mtu au la mahali, nalitafuta. Mchana nausikiliza bila kusoma. Kwa njia hiyo nyimbo zilinifundisha mambo ambayo sikuyafuata: vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania kwenye "Spanish Bombs", mwimbaji Víctor Jara aliyeuawa Chile 1973 kwenye "Washington Bullets". Ni kazi ya taratibu, lakini haichoshi.

Na kuna wimbo ulionikuta asubuhi moja nikashindwa kumaliza chai. "Lost in the Supermarket" anauimba Mick Jones kwa sauti ndogo, karibu ya kunong'ona, kuhusu mtoto anayekua bila mtu wa kumwona, nyumba juu ya nyumba, majirani wakigombana nyuma ya ukuta. Nilidhani ni yeye aliyejitungia. Aliyetunga maneno ni Strummer, akiwaza utoto wa rafiki yake. Jones alilelewa na bibi yake, wakiishi kwenye jengo refu la ghorofa linaloitazama barabara kuu ya Westway. Mimi pia nimelelewa na bibi. Kwamba mtu mzima, mwanaume, alikaa akawaza utoto wa mwenzake, akauandika, akampa mwenyewe auimbe! Sijui marafiki wangapi wamefanyiana hivyo.

Kwa sababu hiyo, kusoma jinsi bendi ilivyokufa kuliniuma kuliko nilivyotegemea. Headon aliondolewa 1982 kwa sababu ya heroini, siku chache tu kabla albamu ya Combat Rock haijatoka. Ndiye aliyekuwa ametunga muziki wa "Rock the Casbah" na kupiga ngoma, piano na besi yeye mwenyewe, na wimbo huo ukaja kuingia kumi bora Marekani yeye akiwa hayumo. Mwaka uliofuata Strummer na Simonon wakamfukuza Jones. Kilichobaki kilitoa albamu moja zaidi, Cut the Crap, 1985. Hiyo usihangaike nayo mwanzoni.

Tuliozoea muziki wa dansi tunajua wanamuziki wanavyohama na kugombana, lakini sikuzoea kuona anayefukuza akijuta kiasi kile. Strummer alimfuata Jones mpaka Bahamas kumwomba warudiane, Jones akiwa tayari ana bendi yake nyingine. Bendi haikurudi, ila urafiki ulirudi, na 1986 wakatunga nyimbo pamoja kwa ajili ya albamu ya hiyo bendi ya Jones, Big Audio Dynamite. Novemba 2002 Strummer alikuwa anapiga Acton, London, kuwachangia wazimamoto waliokuwa kwenye mgomo, Jones akiwa kati ya watazamaji. Katikati ya wimbo wa "Bankrobber" Jones akapanda jukwaani na gitaa. Mwezi uliofuata, Desemba 22, Strummer akafariki kwa hitilafu ya moyo aliyozaliwa nayo bila kujua. Alikuwa na miaka 50. Mwaka uliofuata ilitoka albamu yake ya mwisho, Streetcore, na humo anauimba "Redemption Song" wa Bob. Tafuta hiyo rekodi. Mjomba wangu, ambaye hajawahi kukubali panki, aliisikiliza akiwa amesimama.

Utakutana na watu watakaokwambia hawa walikuwa waongo. Kwamba Strummer, jina lake halisi John Mellor, alizaliwa Ankara mwaka 1952, mtoto wa mtumishi wa wizara ya mambo ya nje, akasomeshwa shule ya bweni, kisha akajifanya mtoto wa mtaani. Kwamba Januari 1977 walisaini na kampuni kubwa ya CBS kwa pauni 100,000 na panki ikafa siku hiyo. Hoja ya pili nilikaa nayo, maana waliimba dhidi ya wenye pesa huku mkataba uko mfukoni, na mkataba huo uliwabana miaka yote. Hoja ya kwanza hainisumbui. Mtu anahukumiwa kwa alichosimamia, na yeye alisimama Victoria Park, kisha miaka 24 baadaye akasimama Acton.

Kwenye Combat Rock kuna wimbo nisioweza kuusikiliza nikiwa na mteja dukani: "Straight to Hell". Mdundo wake ni wa ajabu, karibu wa Kibrazili, na kinanda kimetanda juu yake. Unaanza na viwanda vya chuma vinavyofungwa kaskazini mwa Uingereza na mhamiaji anayeambiwa wazi kwamba hatakiwi. Unakwenda kwa mtoto aliyeachwa Vietnam na askari wa Kimarekani, anayemwomba baba yake amchukue na kukataliwa. Nilimtumia dada. Yeye yuko Reading anahudumia wazee usiku, na kuna maneno ameyasikia kwenye basi ambayo hakuwahi kuniambia mpaka alipousikia wimbo huo. Tulikaa kwenye simu muda mrefu usiku ule. Mlio wa mwanzo wa wimbo huo huenda unaujua tayari bila kujua, kwani mwimbaji M.I.A. aliuchukua kwa "Paper Planes" mwaka 2007, na hapa mjini umepigwa kwenye kila baa.

Nimeiacha albamu ya Sandinista! mwisho, nami nakushauri uiache mwisho. Ni ya Desemba 1980, santuri tatu, pande sita, kila upande nyimbo sita, jumla 36. Jina ni la wanamapinduzi wa Nicaragua waliomwangusha Somoza mwaka 1979. Ili iuzwe kwa bei ndogo, bendi ilikubali kukosa mrabaha wa nakala 200,000 za kwanza Uingereza. Ni zaidi ya saa mbili za muziki, na iliumaliza bando wangu wa wiki usiku mmoja, jambo lililoleta ule ugomvi nyumbani nilioutaja, maana bando lilikuwa la wote wawili. Pakua ukiwa mahali penye waifai, au ichukue kwa vipande.

Watu wa roki husema nusu yake ingetupwa, hasa upande wa sita. Hapo ndipo mtu wa rege anapowazidi. Upande ule umejaa dabu: "Version Pardner" ni "Junco Partner" wa upande wa kwanza ukiwa umevuliwa maneno na kuzamishwa kwenye mwangwi, na "Silicone on Sapphire" ni "Washington Bullets" uliofanyiwa vivyo hivyo. Mikey Dread, DJ wa Jamaika aliyezunguka nao, ndiye mkono ulio nyuma ya sehemu kubwa ya kazi hiyo ya dabu. Sisi tuliozoea kugeuza santuri kusikia toleo la pili hatuoni ajabu. Anza na mwisho wa upande wa pili, "One More Time" unaofuatwa hapohapo na "One More Dub", kwenye sabufa, sauti ikiwa juu kiasi majirani watakachovumilia. Kisha upande wa kwanza wote, halafu ruka mpaka wa sita. Wa tatu na wa nne vitakuja vyenyewe. Upande wa tano una "Mensforth Hill", ambao ni "Something About England" uliogeuzwa ukapigwa kinyumenyume, na huo mpaka leo naupitisha mbele.